Mashine Iliyokesha

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kibarua kwenye duka la steshenari hapa Nyashimo, kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Kazi yenyewe unaijua: kuchapa barua za kuomba kazi, kutoa fotokopi, kuchapa mitihani ya walimu. Wateja wakipungua, nilikuwa nachapa riwaya yangu. Kila jioni nilitakiwa kunakili kazi za siku nzima kwenye flashi. Jioni moja nikapitiwa, si unajua tena siku ya mechi ya Simba na Yanga. Asubuhi yake diski haikuamka. Sura nne za riwaya zikaenda na maji. Lakini kilichoniuma zaidi ni barua ya babu mmoja, madai ya shamba, ambayo alinisimulia kwa siku mbili kwa kuwa yeye hakujua kuandika.

Nikajiuliza: hivi hakuna namna ya kuiachia mashine kazi zile ambazo binadamu huzisahau? Kumbe swali hilo lina historia, na sehemu ya historia hiyo imepita huku huku kwetu.

Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta, baada ya mfumo wa hesabu pale Hazina kuvurugika. Vijana wengi husimulia habari hii kama kichekesho. Mimi sicheki tena. Mashine ikifanya kazi ambayo walio karibu nayo hawajui inavyofanywa, siku ikikosea hakuna wa kuihoji.

Wakati sisi tumefunga mlango, wenzetu walikuwa wanaifundisha mashine kufanya kazi bila kusimamiwa. Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza Unix mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani. Toleo la saba, la mwaka 1979, lilikuwa na programu ndogo iitwayo cron. Unaiandikia saa na amri. Saa ikifika, inatekeleza, uwepo usiwepo.

Kwetu, kazi ya usiku ililetwa na bili ya simu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti ya moja kwa moja haijafika, vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe viliunganishwa kwa mtandao ulioitwa ESANET. Ulitumia mtindo wa Fido, alioubuni Tom Jennings huko San Francisco mwaka 1984. Mtindo wenyewe ulikuwa wa kimaskini, na ndiyo maana ulitufaa. Mchana watu waliandika barua zao zikakaa kwenye diski. Zikakusanywa, zikabanwa ziwe ndogo, zikasubiri. Usiku, laini zikiwa na nafuu, kompyuta ilipiga simu yenyewe kwa modemu, ikapeleka furushi lake, ikapokea la wenzake, ikakata. Laini ikikatika katikati, ilipiga tena. Barua nyingi za Afrika zilipitia GreenNet ya London.

Nani aliyekesha? Faili la amri, bwana! Faili la maandishi tu, mistari michache ya DOS. Programu ya simu ikimaliza kazi yake iliacha namba: namba hii barua zimeingia, namba ile laini imegoma. Faili likasoma namba na kuchagua la kufanya, kisha likarudi mwanzo. Umeme ukikatika na kurudi, faili jingine, AUTOEXEC.BAT, liliamsha mzunguko wote upya bila mtu kushika kitufe.

Hapo pana mtego uliowaumiza wanafunzi wengi. DOS haikuulizi kama namba ni 3. Inauliza kama namba ni 3 au zaidi. Kwa hiyo lazima uanze na kubwa ushuke. Ukiuliza kwanza ni nani anayefikia kimo cha dagaa, sangara naye atanyoosha mkono.

Mimi nilinaswa na mtego mwingine. Mashine ya duka tuliiwekea Ubuntu kwa ajili ya virusi vya flashi za wateja, basi cron ninayo. Nikaiambia inakili kila siku saa mbili usiku, nikaandika 2. Wiki nzima nikatembea kifua mbele. Kumbe 2 ya mashine ni saa nane usiku wetu, duka limefungwa na kompyuta imezimwa. Cron haikulalamika, ilikuwa imezimwa pamoja na mashine. Nikarekebisha, nikaweka 20. Siku chache baadaye nikakuta nakala zimelala kwenye diski ile ile, kwa sababu flashi haikuwa imechomekwa na amri yangu haikuuliza. Folda ilikuwepo, ikajaza.

Sasa faili langu linaanza kwa kuangalia kama flashi ipo. Kama haipo, linaandika hivyo na kuacha. Likishanakili salama ndipo linapoandika tarehe na neno "tayari" kwenye faili la kumbukumbu, nami kila asubuhi nalisoma kabla sijafagia.

Babu alirudi. Nilimwomba radhi, akaniambia, "Mjukuu wangu, hata mimi nasahau," akaketi kwenye benchi, akaanza kusimulia upya kutoka mwanzo. Safari hii alikumbuka jina la jirani aliyeshuhudia mpaka ukipandwa minyaa. Nikalichapa.