Kufungwa kwa Njia ya Ujiji

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga njia ya misafara itokayo Tabora kwenda Ujiji. Waarabu wa Unyanyembe, ambao zamani walikwisha kumng'oa Mnywa Sere katika utemi na kumsimika Mkasiwa, walimwendea kwa bunduki mwezi Agosti. Wakashindwa; Khamis bin Abdullah akauawa, na sehemu ya Tabora ikateketezwa. Stanley, aliyepigana upande wao, ilimbidi azunguke kusini ili afike Ujiji. Wako wamwitao Mirambo mnyang'anyi. Mimi naona alijua kuwatia adabu matajiri waliogharimia vita: aliwazuilia pembe. Ila njia iliyofungwa haichagui. Mpagazi wa Kinyamwezi, asiyeshauriwa na yeyote, naye alikosa ujira.