Habari za Wakilindi Katika Mafundisho ya Shule Zetu

Mtu akifungua kijitabu cha sikukuu kama hiki, kwa desturi huona ya kuwa habari zaanzia mwaka 1868, ndio mwaka misheni ilipokaa Magila. Si ajabu, maana ndiyo furaha yetu. Walakini nchi ya Bonde haikuanza mwaka ule. Watoto tunaowafundisha wana mababu waliokuwa raia wa wafalme kabla kengele haijapigwa Msalabani. Kwa hiyo tumeona vema kunena juu ya kitabu kimoja kimfaacho sana mwalimu wa historia na uraia.

Kitabu hicho chaitwa Habari za Wakilindi, nacho kilitungwa na Abdallah bin Hemedi, Mwislamu. Kilipigwa chapa na misheni papo hapo Magila, kwa mafungu matatu, 1895, 1904 na 1907. Hata 1962 kikatolewa tena Nairobi, kikiwa kimetengenezwa na Bwana J. W. T. Allen. Basi mtungaji alikuwa Mwislamu, mtambo ulikuwa wa Kanisa, na habari ni za watawala wa Usambara. Katika darasa la Tanga au Pangani, ambamo watoto wa dini zote huketi benchi moja, mwalimu na aanze kwa kuwaambia hayo.

Yasimuliwa ya kuwa Mbega alitoka Unguu, naye alinyimwa urithi kwa sababu aliota kwanza meno ya juu. Alipofika milimani hakuja na jeshi. Alikuja na mbwa na mikuki, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, akaamua mashauri yao pasipo upendeleo. Ndipo watu wa Vugha walipomtaka awe mkubwa wao. Mtoto na aulizwe: Mbega alipata wapi haki ya kutawala? Ni kwa ukoo wake, au kwa kazi yake? Na wale waliompa enzi, je, waliweza kumnyang'anya?

Walimu wengi huishia hapo, maana hadithi ya Mbega ni tamu. Lakini fungu lenye faida kubwa zaidi ni lile la mwisho. Baada ya kufa Kimweri ya Nyumbai, jamaa ya kifalme iligawanyika, Shekulwavu mjukuu wake upande mmoja, na Semboja upande wa pili. Semboja alikaa Mazinde, chini ya mlima, penye njia ya misafara, akapata bunduki na baruti. Raia wakakamatwa, wakauzwa pwani. Ndipo Wabondei walipoondoka juu ya Wakilindi, na vita ile yaitwa Kiva hata leo. Ukoo uliopokewa kwa ajili ya nyama na hukumu za haki ukafukuzwa kwa silaha.

Hapa ndipo walimu wengine hupita mbio, kwa kuogopa neno utumwa. Wengine husema kwamba Waarabu walifanya yote. Wengine hunena kana kwamba hapakuwa na mtu mwema ila Mzungu. Kitabu chatuonyesha wakubwa wetu wenyewe wakiuza watu wao. Nasi Wakristo hatuna ruhusa ya kunyamaza, kwani watoto wa kwanza wa misheni hii huko Unguja, mwaka 1864, walikuwa wametolewa katika jahazi la watumwa. Pwani hii ina koo zilizonunua na koo zilizonunuliwa, na wajukuu wao wasoma pamoja, nao mara nyingi hawajui. Mwalimu aseme kweli yote, lakini asimnyoshee mtoto kidole kwa ajili ya jina lake au dini ya baba yake.

Tena asikifanye kitabu kuwa msahafu. Abdallah bin Hemedi alipata kuwa mwandishi wa barua wa Semboja mwenyewe. Ni shahidi aliyekaa karibu. Ni shahidi pia aliyekula chakula cha bwana wake. Yapi aliyaona kwa macho, yapi alisimuliwa, na yapi aliona haya kuyataja? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo juu ya kitabu, atauliza hivyo hivyo akiwa mtu mzima barazani, atakapoletewa maneno na mtu atakaye kura yake.

Tangu 2024 somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia shuleni, nalo lafundishwa kwa Kiswahili. Twashukuru, kwani mtoto aweza kusoma maneno ya Abdallah pasipo mkalimani. Hatari yake ni ile ile ya siku zote, kwamba miaka na majina yakaririwe kwa mtihani, kisha yasahauliwe likizoni. Wazee wa Vugha na wa Muheza wangali wana masimulizi yao, na mengine hayapatani na kitabu. Watoto wapewe daftari, waende wakaulize Kiva ilipita kijijini mwao kwa njia gani, na nani alijificha wapi. Wakirudi na neno lililo kinyume cha kitabu, mwalimu asilifute kwa kalamu nyekundu. Na waandike yote mawili, hili upande huu wa ukurasa na lile upande wa pili.