Aliyebeba Machela: Historia ya Kujitolea na Mafunzo Yake Kwetu

Jubilei ya hekalu ni siku ya kufunga hesabu. Sisi tuliolelewa katika nyumba za biashara tunaijua siku hiyo vyema: kila Diwali daftari la zamani hufungwa, daftari jipya likafunguliwa mbele ya Lakshmi, na mwenye duka akajiuliza kilichoingia ni kipi na kilichotoka ni kipi. Katika kurasa nyingine za kitabu hiki msomaji atakuta hesabu ya fedha: waliotoa kiwanja, waliotoa saruji, waliotoa marumaru. Makala haya yanahusu hesabu nyingine isiyo na risiti, nayo ni hesabu ya jasho la watu waliofanya kazi bila kulipwa.

Wazee wetu waliiita kazi hiyo seva, yaani utumishi usiotazamia malipo. Majirani zetu nao wana majina yao. Nchini Kenya neno harambee limekuwa wito wa taifa tangu uhuru wa 1963. Kaskazini mwa Tanzania watu huitana kwenye msaragambo. Majina ni mengi, jambo ni moja. Lakini jambo hilo halijiendeshi lenyewe. Mtu wa kujitolea huitwa, hufundishwa, kisha hushukuriwa. Likikosekana moja katika hayo matatu, jiko la hekalu hubaki na masufuria makubwa na mikono michache.

Ili tusiseme kwa nadharia tupu, tumechagua kisa kimoja cha kihistoria kinachotuhusu kwa damu na kwa bahari. Mwaka 1893 wakili kijana kutoka Gujarat, Mohandas Karamchand Gandhi, alipanda meli Bombay kwenda Natal kwa kazi ya kampuni ya Dada Abdulla, mfanyabiashara Mwislamu wa asili ya Porbandar. Meli ile ilitia nanga Lamu, ikaja hapa Mombasa, kisha ikafika Unguja, ambako alikaa siku kadhaa akisubiri meli nyingine. Alipita njia ileile waliyoipita babu zetu na magunia yao. Tofauti ni kwamba alikwenda mbele zaidi kusini, na huko ndiko alikojifunza namna ya kuwakusanya watu wa kawaida wakafanya kazi isiyo ya kawaida.

Oktoba 1899 vilizuka Vita vya Makaburu. Wahindi wa Natal wakati huo walidharauliwa na wakoloni. Ilisemwa kuwa wanajua kuhesabu pesa tu na kwamba vitani watakuwa mzigo. Gandhi na wenzake walijitolea kuwahudumia majeruhi, na mara ya kwanza wakakataliwa. Hawakurudi nyumbani kununa. Walikwenda kwa Daktari Booth, aliyewafundisha kazi ya uuguzi, nao wakapata vyeti vya kuthibitisha kwamba wanafaa. Hali ya vita ilipokuwa mbaya na majeruhi wakazidi wabebaji, serikali ileile iliyowakataa iliwahitaji, nao walikuwa tayari.

Hapo pana funzo la kwanza, nalo ni kwamba mafunzo hutangulia haja. Tena hayakuanzia kwa Gandhi siku ya vita. Kabla yake, Durban ilikuwa na hospitali ndogo ya hisani iliyowezekana kwa ukarimu wa mfanyabiashara Parsi Rustomji, na Gandhi alikuwa akitenga muda wake wa asubuhi kwenda kuchanganya dawa na kuwasikiliza wagonjwa maskini kabla ya kufungua ofisi. Mfanyabiashara alitoa fedha, daktari akatoa elimu, wakili akatoa saa zake. Vita vilipokuja, mkono ulikwisha kuzoea bandeji.

Kikosi kile kilifikia watu wapatao 1,100. Miongoni mwao walikuwamo Wahindu, Waislamu na Wakristo, Wagujarati na watu wa Madras. Walioitwa viongozi walikaribia 40. Wahindi huru walikuwa karibu 300. Waliobaki, ambao ndio wengi kupita wote, walikuwa vibarua wa mikataba kutoka mashambani, watu ambao hata hiari yao ilikuwa na mpaka, maana kutoka kwao kulihitaji ruhusa ya wenye mashamba. Januari 1900, katika mapigano ya Spion Kop, walivuka mstari uliokuwa umewekwa kuwalinda wakaingia mahali risasi zinapofika. Siku nyingine walibeba machela mabegani umbali wa maili 20 hadi 25, yaani kilomita 32 hadi 40. Machela hayabebwi na jina kubwa. Hubebwa na mabega manne yanayokwenda hatua moja.

Funzo la pili ni la kuita, nalo tunalipata Johannesburg mwaka 1904. Tauni ya mapafu iliwashika Wahindi 23 waliokuwa wakifanya kazi katika mgodi wa dhahabu, wakarudi kwenye mtaa wao wakiwa mahututi. Madanjit Vyavaharik, aliyekuwa mtaani akitafuta wasomaji wa gazeti la Indian Opinion, alivunja kufuli ya nyumba iliyokuwa tupu akawaweka humo. Daktari William Godfrey akaja mbio. Gandhi hakubandika tangazo ukutani. Aliwaendea makarani wanne wa ofisi yake, vijana wasio na wake wala watoto, akawauliza mmoja mmoja, nao wakakubali. Mwenzake aliyekuwa na familia kubwa alitaka kuingia pia, akamzuia.

Tulitafakari sana juu ya kuzuia huko. Anayeita watu kwenye kazi ya hatari au ya kuchosha ana wajibu wa kujua kila mmoja ana nani nyumbani, ana nguvu gani, na ana saa ngapi. Tangazo la jumla halijui hayo. Humwita kila mtu na kwa hiyo halimwiti yeyote. Wagonjwa wengi wa nyumba ile walifariki, na muuguzi aliyeletwa na baraza la mji alikufa kwa ugonjwa uleule. Wale makarani walikesha, wakawapa wagonjwa dawa, wakasafisha matandiko na kuwatuliza waliokuwa wakifa. Waliitwa kwa majina, wakaitika kwa majina.

Kuita pekee hakutoshi, na ushahidi wake uko Calcutta. Desemba 1901 Gandhi alihudhuria mkutano mkuu wa Congress, akakuta vijana wengi wa kujitolea, wenye nia njema na alama begani. Ukimwomba mmoja kazi, humpa wa pili, na wa pili humpa wa tatu, na kazi hubaki pale ilipokuwa. Vyoo vilikuwa katika hali ya kutisha na hakuna aliyeona kuwa ni shughuli yake. Gandhi aliomba ufagio akasafisha mwenyewe. Sababu aliyoieleza baadaye ingeweza kuandikwa juu ya mlango wa kila hekalu: mkutano ulifanyika siku tatu kwa mwaka kisha ukalala, na hakuna mtu anayejifunza utumishi kwa siku tatu za mwaka.

Nasi tuna Navratri yenye usiku tisa, tuna Diwali na chakula cha Annakut, tuna Janmashtami. Kijana anayekuja jikoni mara moja kwa mwaka hujua kuvaa beji. Hajui kisu kinachomenya viazi kiko wapi. Hali ni tofauti kwa yule anayekuja kila wiki kupanga viatu mlangoni, kuwaongoza wazee ngazini, kuandikisha wagonjwa siku ya kliniki ya macho. Huyo siku ya sikukuu hahitaji kuamriwa. Kidogo cha kila wiki kinashinda kikubwa cha kila mwaka. Haba na haba, wahenga walisema, hujaza kibaba.

Tumefika kwenye jambo la tatu, la shukrani, nalo ndilo gumu kuliko yote. Busara ya pwani ina kauli mbili juu yake. Ya kwanza inaonya: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ya pili inahimiza: chanda chema huvikwa pete. Zote mbili ni kweli, na historia ya kikosi cha Natal inaonyesha namna zinavyokutana. Baada ya kazi ile, Jenerali Buller alikitaja kikosi kwa sifa katika taarifa yake, na viongozi wakatunukiwa nishani za vita. Nishani zilikwenda kwa viongozi, ambao hawakufika hata 40. Wale mamia waliotoka mashamba ya miwa, ambao mabega yao yalichubuka kwa mipini ya machela, walirudi kwenye miwa.

Gandhi alivaa heshima ile kwa miaka, lakini mwezi wa Agosti 1920, aliposhindwa kuendelea kuiheshimu serikali iliyoitoa, alizirudisha nishani zake kwa Makamu wa Mfalme nchini India, pamoja na ile ya vita vya Makaburu. Nishani ilirudi ilikotoka. Majeruhi waliobebwa hawakurudi mlimani. Kazi njema, ikisha kufanywa, haiwezi kunyang'anywa wala kurudishwa. Ndivyo pia Bhagavad Gita inavyotufundisha, kwamba haki yetu ni kazi na si matunda yake. Lakini tusilitumie fundisho hilo kama kisingizio. Anayetenda ndiye anayepaswa kutojali sifa. Anayetendewa hana ruhusa ya kusahau.

Tuongeze kisa kimoja zaidi, kwa sababu kinawahusu majirani zetu. Mwaka 1906, wakati wa uasi wa Wazulu huko Natal, Gandhi aliongoza tena kikosi kidogo cha wabeba machela upande wa serikali. Walipofika walikuta kwamba kazi yao kubwa ni kuwauguza Wazulu wenyewe, wengi wao wakiwa na vidonda vya viboko vilivyooza kwa kuwa wauguzi wa kizungu hawakutaka kuwagusa. Hapakuwa na lugha ya pamoja, bali palikuwa na maji, dawa na mkono. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kuwa moyo wake ulikuwa pamoja na Wazulu. Kujitolea kulikoanza kama uaminifu kwa mtawala kukaishia kuwa utumishi kwa jirani aliyeonewa. Utumishi usiotoka nje ya ukuta wa jumuiya ni nusu ya utumishi.

Nchi yetu imeyaona hayo kwa macho yake. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliposhambulia ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, watu zaidi ya 200 waliuawa na maelfu wakajeruhiwa. Wapita njia walichimbua kifusi kwa mikono mitupu, na foleni za watoa damu zilikuwa ndefu, wala hakuna aliyeulizwa kabila au dini ya damu yake. Septemba 2013, wakati wa shambulio la Westgate, kituo cha ndugu zetu Wajaini wa Oshwal, kilicho karibu na jengo lile, kiligeuzwa kuwa mahali pa kuwahudumia walionusurika, jamaa zao na waokoaji. Ukumbi mkubwa na jiko kubwa vilikuwapo tayari. Palikuwapo pia watu waliozoea kupikia umati wakati wa sherehe, na mazoea ya furaha yakasaidia siku ya msiba. Hiyo ndiyo faida ya jiko la hekalu ambayo haionekani katika vitabu vya mweka hazina.

Leo tunaandika haya kwa sababu mabega yanapungua. Mama zetu waliokuwa wakikanda unga wa puri kabla ya jua kuchomoza wamezeeka, na baadhi wametangulia. Wana wetu wamekwenda Uingereza, Kanada na Marekani kusoma, na wengi wamebaki huko. Ni rahisi sasa kumwita mpishi wa kukodi, akaleta chakula saa sita na bili saa saba. Chakula hicho hushibisha. Lakini siku ya mafuriko, ya moto au ya maradhi, mpishi wa kukodi ana wateja wengine, na jumuiya iliyosahau kupika pamoja haitakumbuka kwa siku moja.

Kwa hiyo tunaiomba kamati na vijana wetu mambo matatu katika mwaka huu wa jubilei. Kwanza, kila mwanachama aitwe ana kwa ana, apewe kazi moja yenye jina na saa, inayolingana na umri wake na hali ya nyumbani kwake. Pili, pawe na siku za mafunzo nje ya msimu wa sikukuu: huduma ya kwanza, kuzima moto, usafi wa jiko, namna ya kumshika mkono mgonjwa asiyeona, na milango ya mafunzo hayo iwe wazi kwa majirani wa dini zote. Tatu, pembeni ya jiwe la marumaru lenye majina ya waliotoa mali, liwekwe daftari la waliotoa nguvu. Daftari linafaa kuliko jiwe, kwa sababu lina kurasa tupu zinazongoja.

Katika daftari hilo waandikwe waliopika na waliokosha sufuria. Waandikwe mlinzi aliyekesha nje ya lango usiku tisa wa Navratri, fundi jirani aliyerekebisha bomba bila kudai malipo, na mama wa mtaa wa pili aliyetuletea kuni umeme ulipokatika. Wengi wao si Wahindu, na hekalu hili limesimama juu ya mabega yao pia. Tukiyasoma majina hayo kwa sauti mbele ya watoto, kila Diwali daftari la biashara linapofunguliwa, watoto watajua kwamba nyumba yao ina madeni ya heshima, na kwamba madeni ya namna hiyo hulipwa kwa kushika upande mmoja wa machela.