Nguo ya Bonane: Historia ya zawadi za watoto wetu Kivu

Desemba ikifika, maduka ya Birere mjini Goma na soko la Kadutu mjini Bukavu hubadilika sura. Viatu vidogo hufungwa kamba viwili viwili na kutundikwa juu ya meza. Gauni za wasichana wadogo hutandazwa kando ya barabara, na miwani ya plastiki ya watoto hupangwa juu ya kipande cha kartoni. Wazazi hupita, hushika, huuliza bei, huweka chini, huenda meza nyingine. Wengi wana franka chache mkononi na watoto wanne au watano nyumbani. Swali ni lile lile kila mwaka: kununua nguo, mchezo, au daftari la shule ya Januari?

Swali hili halikuanza jana. Wazee wetu walijiuliza hivyo, na majibu yao yalifuata hali ya nchi.

Kwanza, kwa nini nguo ndiyo zawadi inayotangulia? Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki ilivuka Ziwa Tanganyika na kufika Maniema, hadi Nyangwe na Kasongo. Ilileta shanga na kitambaa cha pamba kilichoitwa merikani. Kitambaa hicho kilikuwa kama pesa: mtu alilipia chakula kwa kitambaa, alilipa wapagazi kwa kitambaa. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyoleta Kiswahili tunachosema leo. Kumvika mtoto kitambaa kipya kulikuwa kuweka mali juu ya mwili wake, na watu wote waliona.

Noeli ilikuja na wamisionari. Huku Kivu ya Kusini, Mapadri Weupe walifungua misheni ya Nyangezi mwaka 1906. Wabelgiji nao walileta desturi ya kwao: tarehe 6 Desemba, siku ya Mtakatifu Nikola, watoto wa Kizungu walipewa peremende na michezo. Lakini kwa familia nyingi za Wakongo, sikukuu ilikuwa Misa au ibada, sahani ya wali na nyama, na nguo kama baba alikuwa na mshahara. Neno letu Bonane lilitoka pale pia, katika salamu ya Kifaransa ya mwaka mpya. Majirani zetu wa Rwanda husema ubunani, neno la asili hiyo hiyo.

Mshahara ulipoingia, zawadi ilibadilika. Wanaume waliofanya kazi kwenye migodi, mashamba makubwa na reli walipokea pesa, na pesa ilikwenda dukani. Kalemie, enzi ile ikiitwa Albertville, kulikuwa na kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Mama alinunua kitambaa, akakipeleka kwa fundi wa cherehani, na fundi akashona kwa ajili ya watoto wote kutoka kitambaa kimoja. Ndiyo maana katika picha za zamani ndugu husimama wamevaa sare, mkubwa hadi mdogo. Kitambaa cha jumla kilikuwa rahisi zaidi, na hakuna mtoto aliyelia kwamba mwenzake amependelewa.

Baada ya uhuru, siasa iliingia hadi katika sikukuu ya watoto. Mwaka 1967 ilianza pesa ya zaire na makuta yake. Oktoba 1971 nchi yenyewe ikaitwa Zaire. Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zipewe wananchi. Maduka mengi ya Wagiriki, Wahindi na Wareno yalibadili mikono, na si waliopewa wote waliojua kuagiza bidhaa. Rafu zilibaki tupu. Mwaka uliofuata, 1974, serikali iliondoa Noeli katika siku za mapumziko. Tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi kama nyingine. Hata hivyo, waamini hawakuacha kusali, na wazazi hawakuacha kuwatafutia watoto kitu.

Miaka ya 1990 ilikuwa migumu zaidi. Askari walipora miji mwezi Septemba 1991, na tena mwanzoni mwa 1993. Pesa ilipoteza thamani hata ikatolewa noti moja ya zaire milioni tano. Oktoba 1993 ilikuja zaire mpya, na moja ilibadilishwa kwa milioni tatu za zamani. Mzazi aliyeweka akiba tangu Agosti kwa ajili ya Noeli alikuta Desemba kwamba akiba haitoshi hata sabuni. Ndipo watu wengi walipojifunza kuweka thamani katika vitu: mbuzi, kitenge, bati, au dola. Nguo za mitumba kutoka Ulaya na Marekani nazo zikawa msaada. Mama akichagua vizuri ndani ya lundo, akafua na kupiga pasi, mtoto alitoka tarehe 1 Januari akiwa amependeza.

Kisha vita vya 1996 na 1998, na watu kukimbia huku na huku. Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipasuka na moto wake ukapita katikati ya mji wa Goma. Zilikuwa zimepita siku 16 tu baada ya Bonane. Watu waliokimbilia Gisenyi na Sake walibeba watoto, godoro, sufuria. Nguo mpya za sikukuu, kwa familia nyingi, ziliungua pamoja na nyumba.

Lakini historia hii si ya dukani peke yake. Mtoto wa Kivu hakungoja duka ili acheze. Mpira ulifungwa kwa majani makavu ya mgomba, baadaye kwa mifuko ya plastiki na kamba. Gari lilitengenezwa kwa waya, magurudumu yake vifuniko vya chupa. Mtoto wa kike alibeba mgongoni gunzi la hindi, akaliita mtoto wake. Na chukudu, baiskeli yetu ya mbao inayobeba viazi na makaa kutoka milimani, ina mdogo wake: baba au kaka huchonga ndogo, mtoto akateremka nayo. Mji wa Goma uliiheshimu chukudu kwa kuisimamishia sanamu. Mtoto aliyechongewa ya kwake hakupewa kitu duni.

Akina mama nao walipata njia yao. Kwanza likelemba, ambapo kila mmoja huchanga na mmoja hupokea kwa zamu. Baadaye vikundi vya akiba na mikopo vya kijijini, vile tunavyoita AVEC. Mfano wake ulianza nchini Niger mwaka 1991 na kuenea Afrika nzima. Kila juma mwanachama huweka kiasi kidogo kwenye kisanduku chenye kufuli, na mwisho wa mzunguko watu hugawana. Vikundi vingi huchagua kugawana Desemba, na sehemu ya pesa hiyo huishia kwenye meza za viatu vidogo.

Mwaka 2025 ulivunja visanduku vingi. Mwishoni mwa Januari vita viliingia Goma, na katikati ya Februari vikafika Bukavu. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa mwezi Februari, na familia zikatawanyika: wengine walirudi Masisi na Rutshuru kwenye nyumba zilizobomoka, wengine walilala kwa ndugu. Vikundi vya akiba vilitawanyika pamoja na wanachama wao.

Mzazi aliye katika hali hiyo anaona haya mbele ya mtoto wake, hasa wakiishi katika nyumba ya wenyeji ambao watoto wao watavaa. Hapo historia ina neno la kusema. Mwaka ambao rafu zilikuwa tupu, mwaka ambao pesa ilikufa, mwaka ambao moto ulichukua mji, watoto walipewa kitu: mpira wa majani, gauni lililokatwa kutoka kitenge cha mama, sahani ya wali waliokula wote pamoja. Familia zinazopokea wageni pia zinaweza kukumbuka fundi wa zamani aliyeshona wote kutoka kitambaa kimoja. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Na kuna desturi moja ambayo haikufa katika miaka hiyo yote. Mama akipata kiatu, hununua kile kinachozidi mguu wa mtoto kwa kidole kimoja, kisha hujaza karatasi mbele. Mtoto atakua. Kiatu kinapaswa kufika Bonane ijayo.