Shule ya Carver na Ustawi wa Jamii wa Kikristo

Mafunzo ya ustawi wa jamii miongoni mwa Wabaptisti wa kusini mwa Marekani yalianzishwa na wanawake. Mwaka 1907 umoja wao wa kimisheni ulifungua chuo mjini Louisville, Kentucky, kuwaandaa wasichana kwa utume, wakati seminari jirani iliwaruhusu kusikiliza mihadhara bila kuwapa shahada. Mkuu wake wa kwanza, Maud McLure, alikwenda New York kujifunza kazi ya ustawi wa jamii, na mwaka 1912 chuo kikafungua nyumba ya huduma katika mtaa wa maskini. Humo wanafunzi walifundisha watoto kushona, wakakaa na akina mama na kutembelea kaya. Hilo ndilo lililokuwa darasa lao hasa.

Mwaka 1953 chuo kilipewa jina la Carver, na mwaka 1963 kikaunganishwa na seminari. Shule ya ustawi wa jamii yenye jina hilo iliyozaliwa humo mwaka 1984 ilistahili maisha marefu zaidi: mkuu wake, Diana Garland, aliondolewa mwaka 1995 katika mvutano kuhusu uajiri wa walimu, na miaka miwili baadaye ikafungwa. Mwaka 1998 jina la Carver lilihamia Chuo Kikuu cha Campbellsville, ambako hata wanafunzi wa shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii hufanya mafunzo ya vitendo yasiyopungua saa 400.