Labu ya Kompyuta Ilianza kwa Safari ya Treni

Ukiingia mwaka wa kwanza wa kozi ya kompyuta, chuo chochote kile, utakutana na kitu kinaitwa labu. Lekcha anaeleza lupu Jumanne. Alhamisi mnaingia chumba chenye mashine, mnapewa karatasi ya mazoezi, halafu mnaanza kukosea. Umesahau semikoloni, kompyuta inakataa. Umeiweka, inakataa kwa sababu nyingine. Unarekebisha, unajaribu, unarekebisha tena. Saa mbili zikiisha umekosea mara arobaini na lupu umeielewa. Hiyo ndiyo labu, basi.

Wengi wetu hudhani mambo yalikuwa hivyo tangu kompyuta zianze. Wapi! Kuna wakati kosa moja lilikula wiki mbili.

Twende Marekani, miaka ya 1950. Dartmouth College iko Hanover, mji mdogo wa jimbo la New Hampshire, na wakati huo haikuwa na kompyuta. Mwalimu wa hesabu, Thomas Kurtz, alikuwa na programu zake zimetobolewa kwenye kadi. Kila baada ya wiki mbili hivi anafunga kadi kwa sanduku, anapanda treni hadi Boston, anaenda MIT kwenye mashine. Kadi moja ikiwa na kosa, mashine inatema karatasi ya kukueleza umeharibu wapi. Unarudi nyumbani kungoja safari ijayo.

Hata vyuo vyenye mashine havikuwa na raha sana. Unapeleka kadi zako dirishani, mhudumu anazipanga foleni, majibu unachukua kesho. Mashine yenyewe huigusi. Sasa hebu jiweke hapo ukiwa na miaka 18, hujui lupu ni nini. Utajifunza tu kuogopa.

Kurtz na mwenzake John Kemeny, mzaliwa wa Budapest aliyewahi kuwa msaidizi wa Einstein, walikuja na wazo lililoonekana la kichaa: kila mwanafunzi atumie kompyuta, hata yule wa historia, hata yule wa fasihi. Kila mmoja kwa wakati wake mwenyewe, bila kuomba ruhusa. Walilinganisha na maktaba ya rafu wazi, ambapo unaingia na kuchukua kitabu mwenyewe. (Hiyo "kila mwanafunzi" ilikuwa na mipaka yake, lakini. Dartmouth ilikuwa ya wanaume pekee hadi 1972.)

Shida ni kwamba mashine ni moja, watu ni wengi. Suluhisho lilikuwa kugawana muda. Fikiria mhudumu mmoja wa kibanda anayezungukia meza kumi: anakupa sekunde zako chache, anaenda kwa mwingine, anarudi kabla hujaanza kulalamika. Kila meza inahisi mhudumu ni wake peke yake. Na unajua nani aliandika programu za kuendesha huo mzunguko? Wanafunzi wa shahada ya kwanza, akina John McGeachie na Michael Busch. Si maprofesa.

Tarehe 1 Mei 1964, saa kumi alfajiri, programu mbili ziliendeshwa kwa pamoja na zote zikatoa jibu sahihi. Hakukuwa na skrini. Ulikaa mbele ya taipureta kubwa yenye kelele, unachapa, nayo inakujibu kwa karatasi. Lugha ilikuwa mpya pia, BASIC, iliyotengenezwa makusudi iwe nyepesi kwa mtu asiye wa sayansi. Kuingia kwenye mfumo uliandika HELLO. Kuendesha programu, RUN. Imekataa? Unarekebisha mstari mmoja, RUN tena. Kosa lilishuka bei, kutoka wiki mbili hadi sekunde chache. Kwangu mimi, labu ya leo ilizaliwa usiku huo.

Kitu kingine ambacho makomredi hudhani ni cha juzi ni ile programu ya kusahihisha, ile unatumia asaimenti usiku wa manane inakujibu sita kwa kumi. Hiyo ni mzee kuliko BASIC. Mwaka 1960, Jack Hollingsworth wa Rensselaer Polytechnic Institute aliandika kuhusu msahihishaji kama huyo: programu za wanafunzi 20 zilipimwa kwa dakika 5 kwenye mashine ya IBM 650. Wakati huo muda wa mashine ulikuwa dhahabu, kwa hivyo ilikuwa na maana. Leo naona imekuwa njia ya darasa la watu 300 kukosa mtu wa kusoma kazi yao. Inakuambia umekosa. Kwa nini umekosa, hiyo utaambiwa na jirani.

Sasa turudi Kenya. Nilikosoma kabla niache, labu ilifungwa saa kumi na moja jioni. Wenye laptopu walirudi hosteli wakakosea usiku kucha, bure. Wengine walienda saiba. Na ukilipa kwa dakika, bana, hujaribu kitu huna uhakika nacho. Unanakili ya rafiki, unatuma, unatoka. Kisha mtihani unaletwa kwa karatasi: andika programu kwa biro. Hakuna RUN. Yaani mwaka ni huu na bado unatoboa kadi, ukingoja matokeo semista ijayo.

Najua kuna msee atasema simu inaweza kuendesha Python. Ni kweli, na kama una simu pekee, anza nayo leo. Lakini jaribu kuandika mistari mia kwa kioo cha inchi sita, halafu umtafute wa kukuambia "cheki mstari wa saba" saa tano usiku. Mashine ziko, zimekaa gizani kwa chumba kilichofungwa. Kama labu yenu nayo inafungwa jioni, peleka hiyo kwa kiongozi wenu wa wanafunzi wiki hii. Muulize nani ako na ufunguo.