M-Pesa, mikopo ya simu, na Benki Kuu iliyochelewa



Mwaka 2019 nilipigiwa simu hapa Leicester na mtu nisiyemjua. Akaniambia binti wa dada yangu kule Mombasa amekopa kwa simu na hajalipa, basi nimwambie aone haya. Ile programu ya mkopo ilikuwa imechota namba zote zilizomo simuni mwake. Wakwe zake walipigiwa, na mwalimu wake wa madrasa pia. Nilipomuuliza akanijibu, "Mjomba, deni nitalipa, lakini heshima yangu nani atanirudishia?"

Wapo wenzetu wasomi wanaosema Kenya ilifanikiwa kwa sababu serikali ilikaa kando. Mimi sikubaliani nao, na historia yenyewe haikubali.

Februari 2007 Benki Kuu ya Kenya iliandika barua kwamba haina pingamizi, na Machi Safaricom ikaanzisha M-Pesa. Ni kweli, sheria ya malipo ya namna hiyo haikuwapo. Lakini sharti lilikuwapo: fedha za wateja ziwekwe benki chini ya wadhamini, mbali na mali ya kampuni, wala kampuni isizikopeshe. Mabenki yalipolalamika, Desemba 2008 ukaagizwa ukaguzi, na Januari 2009 Wizara ya Fedha ikasema mfumo ni salama. Sheria ya Mfumo wa Malipo ya Taifa ilikuja 2011, na kanuni zake 2014. Sheria ilichelewa, sawa, lakini pesa ya mnyonge ilikuwa na mlinzi tangu mwanzo.

Wakopeshaji wa simu walipozuka baadaye, mambo yalikuwa kinyume. Kwa vile hawakupokea amana za watu, Benki Kuu haikuwa na mamlaka juu yao. Aprili 2020 ilichoweza ni kuwazuia kupeleka majina ya wadaiwa kwenye ofisi za taarifa za mikopo. Sheria ilitiwa saini Desemba 2021, kanuni zikatoka Machi 2022: leseni, gharama ya mkopo itajwe wazi, na marufuku kumtishia mdaiwa au kuwapigia jamaa zake ili kumfedhehesha.

Kwa hiyo, jamani, swali si sheria itangulie au ubunifu utangulie. Swali ni nani anabeba hasara wakati tunasubiri. Mwaka 2007 jambo hilo lilifikiriwa mapema. Safari ya pili alibebeshwa mkopaji.

Mpwa wangu alilipa deni lote. Wakwe zake bado wanaikumbuka simu ile.